Kuuliza Mbele ya Boila

Taa nyekundu ilipowaka Jumatano ile, mhandisi mgeni hakubonyeza kitufe.

Mara mbili kabla ya hapo mafundi wote walikuwa wamemwona akikibonyeza, mara moja tu, na boila ikanguruma upya kana kwamba hakikutokea kitu. Safari hii alizima swichi kuu, akavuta kreti tupu la sabuni, akaketi, akatoa mkate kwenye mfuko wa karatasi na kuanza kula. Alikula bila haraka. Alipomaliza alikung'uta makombo magotini, akatazama saa yake, akaendelea kukaa huku amefumbata mikono. Ilikaribia kutimia saa nzima ndipo alipoinuka, akazunguka nyuma ya boila, akarudi, akabonyeza kitufe. Boila ikawaka.

"Alikuwa na njaa," alisema fundi mmoja aliyeitwa Spana.

Mafundi wakacheka, wakarudi kwenye mashine zao. Mzee Mvuke, fundi mkuu, hakucheka. Alibaki amesimama palepale, kitambaa chake begani, akilitazama lile kreti. Njaa ilikuwa jibu zuri, ila asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwona mhandisi akila mkate mwingine, mkubwa kuliko huo.

Kilikuwa kiwanda cha kufua. Mashuka ya hospitali na ya hoteli yaliingia kwa mlango wa nyuma yakiwa machafu, yakatoka kwa mlango wa mbele yamekunjwa mraba mraba, na kati ya mlango na mlango kila kitu kilikwenda kwa mvuke. Mvuke ulichemsha, ulikausha, ulipiga pasi. Kwa miaka thelathini na moja mvuke huo ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja, ndiyo maana hata mkewe alishaacha kumwita kwa jina alilopewa na wazazi. Boila ya zamani aliijua kama mtu anavyomjua baba yake mkorofi: akisikia inavyopumua tu, anajua leo imeamkaje. Lakini ilichakaa. Wakaja watu na mitungi ya gesi, wakaikatakata, wakaipakia kwenye lori vipande vipande, na mpya ikaletwa. Ilikuwa ndogo, nyeupe, imefunikwa pande zote kama jokofu, haina tundu la kuchungulia moto wala kile kioo chembamba cha kuonyesha maji yamefika wapi. Ilikuwa na tarakimu, kipimo kimoja cha mshale, na ile taa.

Pamoja nayo alikuja mhandisi, aifunge na awafundishe wenyeji kwa wiki tatu. Mhandisi alijua Kifaransa tu. Siku mbili za kwanza aliletwa mkalimani, bwana mmoja wa suti ambaye joto lilimkera. Mhandisi akieleza dakika tano, yeye anageuka na kusema, "Anasema ni ya kawaida tu." Siku ya tatu hakuonekana. Meneja wa kiwanda alijua maneno mawili, bonjua la salamu na mersi la shukrani, na aliyasema kwa sauti kubwa kana kwamba mhandisi yuko ng'ambo ya barabara.

Na katika kazi hii hapakuwa na desturi ya kuuliza. Fundi alijifunza kwa kuiba kwa macho. Unasimama nyuma ya mkubwa wako, unamshikia tochi, unampa spana, unatazama. Mwaka, miaka miwili. Siku moja anaugua, unashika kazi, na ukiimudu umekuwa fundi. Mzee Mvuke aliwahi kuuliza mara moja, akiwa na miaka kumi na tisa: kwa nini valvu hii inafunguliwa kabla ya ile. Bwana wake alimchapa usoni na kitambaa kilicholowa grisi, akamwambia, "Macho umepewa ya kulilia?" Hakuuliza tena. Na alipokuwa mkubwa yeye, hakuulizwa. Spana, ambaye sasa alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na baba wa watoto watatu, alikuwa amesimama nyuma yake kwa miaka kumi na minne bila kumuuliza hata saa.

Basi mhandisi alipoeleza, wote walitazama mikono yake. Alipotua na kuwaangalia nyuso, walisema, "Ui, ui," ndiyo, ndiyo. Wiki ya kwanza ilipoisha ikaletwa karatasi ya Kifaransa, kwamba fundi mkuu amefundishwa na ameelewa, na Mzee Mvuke akatia sahihi yake, nzuri, yenye mkia mrefu. Ijumaa ya wiki ya tatu angekabidhiwa ufunguo wa chumba cha boila, na mhandisi angerudi kwao. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na nusu Mzee Mvuke astaafu. Alitaka kuondoka akiwa ndiye mwenye ufunguo, si mzee wa kusukuma matoroli ya mashuka akisubiri siku zake ziishe.

Jioni ile ya mkate alipokuwa akitoka, msimamizi wa pasi alimsimamisha mlangoni. Alikuwa mama mnene mwenye kovu la zamani la mvuke kwenye mkono, na wanawake kumi na wanane walifanya kazi chini yake. Chumba chao kilitenganishwa na boila kwa ukuta mmoja tu.

"Mzee wangu, hii mpya iko salama? Maana sisi tunaiegemea mgongoni."

"Iko salama," alisema Mzee Mvuke.

"Basi. Ukisema wewe, nitalala."

Akaenda zake. Mzee Mvuke alitembea hadi nyumbani akilirudia jibu hilo. Macho yake yalikuwa yameiba kitufe, yameiba swichi, yameiba mzunguko wa mhandisi nyuma ya boila. Sababu hayakuiona. Mtu anabonyeza leo, kesho anakaa saa nzima, na taa ni ileile.

Nyumbani mkewe alimtilia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akatumbukiza miguu. Kwenye kochi la pili alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, akishona zipu ya sketi. Huyu alikuwa ameolewa mbali, akauza vitambaa miaka kumi na moja katika mji ambao watu huamkiana kwa Kifaransa, na mumewe alipofariki akarudi kukaa kwa dada yake. Kifaransa alikipata sokoni, kwa sikio. Hakuwahi kujifunza kusoma wala kuandika, kwa lugha yoyote.

"Shemeji," alisema Mzee Mvuke, macho kwenye beseni. "Nataka maneno ya kuulizia."

"Kuulizia nini?"

"Kuulizia tu. Kwa Kifaransa."

Shemeji alishusha sindano. "Dada, njoo usikie. Mumeo anataka kuuliza."

"Atauliza nini huyo?" mkewe alisema kutoka jikoni. "Hata mimi hakuniuliza. Alimtuma mjomba wake, yeye akabaki nje anakagua paa letu."

"Lilikuwa linavuja," alisema Mzee Mvuke.

Shemeji alicheka hadi akajidunga kidole. Lakini alipoutazama uso wa Mzee Mvuke, na ile miguu iliyovimba ndani ya maji, aliiweka sketi pembeni. "Haya, chukua kalamu. Mimi sirudii rudii kama redio."

Mzee Mvuke alikuwa na daftari la zamani la kuandikia joto la boila. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Akaandika kama alivyosikia: ki, nani. Kwa, nini. U, wapi. Kan, lini. Koman, vipi. Konbyen, kiasi gani. Purkwa, kwa nini.

"Ni hayo tu?"

"Yanatosha kukupeleka kokote na kukugombanisha na yeyote. Na ukikwama kabisa, anza na eske, yaani je, halafu taja kitu unachokitaka. Nilikula miaka miwili kwa eske peke yake. Sasa niulize: wapi."

"U," alisema Mzee Mvuke.

"Umeuliza kama askari wa getini. Mtu akiulizwa hivyo anatoa kitambulisho. Pandisha sauti mwishoni."

"U."

"Hiyo umeishusha."

"Ndiyo sauti yangu."

"Sikiliza, shemeji. Neno ni kazi ndogo. Kuuliza kunaanzia kwenye nyusi. Anayeuliza ana shida, na uso wake unasema hivyo kabla ya mdomo. Vaa uso wa shida."

"Huo sina."

"Unao tangu ulipoingia mlangoni. Unaufunika tu."

Mkewe alikuja akasimama akijifuta mikono, akawa anawatazama. Mzee Mvuke aliinua nyusi, akajisikia mpumbavu, akazishusha.

Walifanya hivyo kila jioni, siku saba. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kuparua masizi ndani ya bomba la moshi. Neno alilolishika leo, kesho lilikuwa limetoroka. Kan na koman zilimchezea kama mapacha wasio na adabu. Mara mbili alilala amekaa, kalamu mkononi, na shemeji yake akamwachia asubuhi karatasi mezani ambayo mtoto wa jirani alimwandikia: "Jana ulinikoromea, na hilo si swali." Hata hivyo kufikia Jumanne alikuwa na sentensi nzima, akaibeba kazini kama mtu anayebeba bakuli lililojaa: Purkwa vuzave atandu? Kwa nini ulisubiri?

Jumatano alipata nafasi. Mhandisi alikuwa peke yake akifunga skrubu za kifuniko. Mzee Mvuke alisogea, akapiga moyo konde, akasema, "Purkwa."

Sauti ilimtoka nene, nyusi zimekunjana. Mhandisi alishtuka, akaacha skrubu, akatazama viatu vyake kama labda amekanyaga kitu. Mzee Mvuke alifungua mdomo aimalizie sentensi, na hapohapo Spana akaingia na ndoo.

"Unasemaje, Mzee?"

"Nakohoa," alisema Mzee Mvuke.

Spana alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaweka ndoo chini. Alikuwa na tabasamu dogo pembeni mwa mdomo. Siku hiyo na Alhamisi yake nafasi haikupatikana tena, au ilipatikana na Mzee Mvuke akaikwepa. Hata yeye mwenyewe hakutaka kulichunguza hilo sana. Alipita kwenye chumba cha pasi mara kadhaa. Wanawake walikuwa wakiimba polepole, migongo ukutani.

Ijumaa saa nne asubuhi wote waliitwa. Meneja alikuja na ufunguo, na nyuma yake mhandisi, koti mkononi, begi tayari limeshafungwa. Nje gari la kumpeleka lilikuwa linanguruma. Meneja alitoa hotuba fupi kuhusu zama mpya. Alisema bonjua, akasema mersi. Halafu, kwa namna mtu anavyofuta mikono baada ya kula, akauliza, "Kuna mwenye swali?"

Haikuwa kawaida mtu kujibu hilo. Lilisemwa kila kikao, na kila mara lilifuatwa na kimya na miguu kuanza kuondoka. Miguu ilikuwa tayari imeanza kuondoka. Mzee Mvuke aliona ufunguo ukimjia. Ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Alifikiri kwamba anaweza kuupokea, akauweka mfukoni, akatumaini. Watu wengi wanamaliza kazi yao kwa kutumaini. Kisha akahisi uchovu mkubwa, wa miguu na wa kitu kingine kilicho ndani zaidi ya miguu, uchovu wa kufunika uso miaka yote hiyo. Hakuwa tena na nguvu za kuufunika.

"Mimi ninalo," alisema.

Miguu ikasimama. Akamgeukia mhandisi. Nyusi zilipanda zenyewe.

"La lamp ruj," alisema. "Merkredi. Purkwa vuzave atandu?"

Taa nyekundu, Jumatano: kwa nini ulisubiri? Mafundi waliangaliana. Mmoja aliguna. Mhandisi, koti mkononi, akaanza kusema, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mzee Mvuke hakushika hata moja. Alisubiri mafuriko yapite, akasema tena, taratibu, "Purkwa?" Mhandisi akaacha kusema. Akaelewa kwamba hakueleweka. Akatazama boila, akamtazama mzee, na rangi ikampanda shingoni. Akapekua begi, akatoa ile karatasi ya wiki ya kwanza, akaweka kidole juu ya sahihi yenye mkia mrefu.

"Pourquoi?" aliuliza mhandisi.

Hilo Mzee Mvuke alilielewa vizuri. Kwa nini ulitia sahihi? Jibu lake alilijua pia, lakini shemeji yake alimfundisha kuuliza, kujibu hawakukufikia. Alisimama mbele ya watu wote akiwa ameshika kitambaa chake.

"Wengine nendeni kazini," alisema meneja. "Mzee, nini hiki?"

"Kuna jambo sijalielewa, bwana."

"Leo ndio hujalielewa?"

"Tangu mwanzo sikulielewa. Leo ndio nasema."

Meneja alitazama saa, akatoka kwenda kumtuliza dereva. Mhandisi akatupa koti juu ya kreti, akakunja mikono ya shati. Kwa saa mbili wakawa wawili tu, na dereva akipiga honi kila baada ya muda.

Mhandisi alinyoosha ngumi yake, akaifungua ikakaa wazi: taa imewaka, imetulia. Akaigiza moto unaokataa kushika. Akabonyeza. Kisha akafungua ngumi na kuifunga, akafungua na kuifunga, haraka haraka. Taa inapepesa. Hapo Mzee Mvuke akakumbuka kwamba Jumatano ile taa ilikuwa ikipepesa kweli. Macho yake yaliiona na kuidharau. Mhandisi alichukua kipande cha boksi akachora pipa, ndimi za moto chini yake, na maji kidogo mno, chini ya mstari. Akachora tone linaingia. Halafu akalipiga lile boksi ngumi, likatoboka. Alinyoosha kidole ukutani, upande uliotoka nyimbo za wapiga pasi.

Basi ilikuwa hivyo. Maji yameshuka, chuma kimekuwa moto wa kupindukia. Ukibonyeza kitufe pampu inasukuma maji baridi, na maji baridi juu ya chuma kile yanageuka mvuke mara moja, mwingi kuliko pipa linavyoweza kubeba.

"Konbyen?" aliuliza Mzee Mvuke. Asubiri kiasi gani? Mhandisi alimwonyesha mshale wa kipimo, akaushusha kwa kidole hewani hadi sifuri. "Koman?" Akampeleka nyuma, akamwonyesha valvu ndogo ya kujaribia maji, akamshika kifundo cha mkono na kumfanyisha. Mara tatu. Mara ya tatu mzee alifanya bila kushikwa. Alipouliza ki, yaani nani mwingine analijua hili hapa kiwandani, mhandisi alifikiri, kisha akamwekea kidole kifuani.

Wakapeana mikono. Mhandisi aliondoka amechelewa, na Mzee Mvuke hakujua kama alikuwa amekasirika au la, kwa kuwa hilo nalo hakuwa na neno la kuliulizia.

Meneja alimwita ofisini mchana. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wakubwa wake. "Mzee wangu, ulitia sahihi kwamba umeelewa. Mbele ya mgeni umesema hukuelewa. Nikikupa ufunguo, wakiniuliza nitawaambia nini?"

"Sasa nimeelewa, bwana. Kabla ya leo sikuelewa. Taa ikiwa inapepesa..."

"Mweleze Spana. Ufunguo nampa yeye. Hakuwa na swali."

Alikwenda kumweleza Spana siku hiyohiyo. Spana alikuwa ameshauvisha ufunguo kamba na kuutundika shingoni.

"Ile taa," Mzee Mvuke alianza.

"Mzee, nimeiona mara tatu. Macho ninayo." Alisema kwa upole, hata kwa heshima, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Pumzika. Umebeba vya kutosha."

Mzee Mvuke alirudi nyumbani, akakataa beseni, akakataa chakula. Shemeji yake alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakumtania. "Alikujibu?"

"Alinijibu."

"Basi umefaulu."

"Nimenyang'anywa ufunguo."

"Hilo ni jingine," alisema shemeji, akamsogezea kiti cha kuwekea miguu.

Jumatatu alikuwa akisukuma toroli la mashuka. Magurudumu yalilia, magoti yalilia. Kila alipopita mlango wa boila aliukaribia kidogo kuliko ilivyohitajika. Jumanne, baada ya mapumziko ya chai, mngurumo ulikatika. Aliacha toroli katikati ya njia, akaingia.

Taa ilikuwa inapepesa. Spana alikuwa mbele yake, mkono umenyooka, kidole kimeshafika kwenye kitufe bila kukigusa. Kilikuwa kimesimama. Hata Spana, ambaye macho yake yalikuwa makali, alikuwa ameona kwamba hii siyo ileile.

"Usiguse," alisema Mzee Mvuke.

Spana hakugeuka. Wala hakugusa.

"Zima swichi kuu."

Akazima. Mzee Mvuke alivuta kreti akaketi. Upande wa pili wa ukuta nyimbo ziliendelea. Mshale ulikuwa bado juu. Spana alisimama akiutazama, akitazama taa, akimtazama mzee kwa pembeni, jasho likimtiririka hadi kwenye ile kamba. Hakuuliza. Dakika zilipita. Mzee Mvuke alimtazama, na alimjua mtu aliyesimama pale, alimlea mwenyewe. Angeweza kunyamaza hadi saa iishe, aende na siri yake, na hakuna fundi wa zama zake ambaye angemlaumu. Lakini kunyamaza nako kulitaka nguvu.

"Niulize," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Lolote. Anza na kwa nini."

Spana alitazama mlango, kama palikuwa na mtu. "Kwa nini," alisema, sauti ikishuka.

"Pandisha mwishoni."

"Kwa nini, Mzee?"

Akamweleza. Alimchorea pipa kwenye vumbi la sakafu, akachora mstari, akachora maji. Spana alichuchumaa, akasikiliza kama ambavyo hakuwahi kumsikiliza. Aliuliza asubiri kiasi gani. Aliuliza valvu ya kujaribia iko wapi, wakaenda nyuma wote wawili, wakaijaribu. Kisha, kwa kuwa mlango ulishafunguka, akauliza jambo ambalo lilimjia mwenyewe: "Na umeme ukikatika hapahapa, maji yakiwa chini namna hii, halafu ukarudi wenyewe? Itajiwasha? Pampu itasukuma?"

Mzee Mvuke aliitazama boila nyeupe.

"Hilo sikuuliza," alisema.

Wakasubiri mshale ushuke hadi sifuri, wakaiacha imezimwa, mlango ukafungwa kwa ufunguo. Wanawake wa pasi waliambiwa wapumzike, na msimamizi wao hakuuliza kwa nini; alizitazama nyuso za wale wawili akawatoa wenzake wote nje uani. Spana na Mzee Mvuke wakapanda ngazi kwenda ofisini, ambako karani alikuwa na namba ya simu ya kampuni iliyotengeneza boila. Ngazi zilikuwa ishirini na nne. Kwenye ya kumi na mbili mzee alisimama, akashika reli.

"Nikubebee kitu?" aliuliza Spana.

"Hakuna kitu. Ni magoti."

Karani alipiga namba, simu ikaita mara nyingi, ikapokelewa, ikapelekwa huku na kule, na mwishowe ikasikika sauti waliyoijua, ya mhandisi, ya mbali, kama iko ndani ya ndoo. Mzee Mvuke alishika kipokeo kwa mikono miwili. Akajitaja. Akainua nyusi, ingawa hapakuwa na wa kuziona.

"Eske," alisema.

Akatafuta neno la umeme. Halikuwemo kwenye daftari. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akamtazama Spana, na Spana, asiyejua la kufanya, akanyoosha mkono ukutani akazima taa ya ofisi ile isiyo na dirisha, akaiwasha, akaizima tena, kana kwamba mtu aliyeko upande wa pili wa simu angeiona.

"Jamani, natafuta faili," alisema karani gizani.

"Eske," alisema Mzee Mvuke kwa mara ya pili, sauti ikipanda mwishoni. Kwenye simu mhandisi aliitika neno moja fupi, akamsubiri.